Duka la kujazia fomu Wandegeya: kwa taipu au kwa mkono, hawa wanajua kazi

Nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja waliyoikosa ntaisema huko chini. Huu ni msimu wa fomu jamani, matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yakishatoka tu Kampala yote inakuwa bahasha za kaki, kila mzazi anakimbizana na tarehe ya mwisho, alafu kila duka lenye kompyuta na printa linabandika karatasi mlangoni, tunajaza fomu za shule. Na kweli wanajaza. Ila kujaza na kujaza vizuri ni vitu viwili, na kwa hizi shule za kazi, uuguzi, ukunga, famasi, sheria, ualimu, mtoto anaweza kuwa na alama zote zinazotakiwa na fomu yake ikawekwa pembeni kwasababu jina lililoandikwa juu sio lile la kwenye slipu ya matokeo.

Duka lenyewe liko Wandegeya, upande wa Bombo Road, unashuka ngazi unaingia kwenye chumba kirefu chembamba. Bango hawana la maana, we uliza tu Hajji mwenye mashine ya taipu, bodaboda wa pale stejini wanamjua. Yupo Hajji mwenyewe, mzee wa Bombo, Kiswahili chake kimenyooka, ukiingia anakuamkia yeye kwanza hata kama we ni mdogo. Yupo binti yake anayekaa kwenye kompyuta, na kijana mmoja wa fotokopi na skana. Ukimuita binti yake nyabo kwa Kiganda au dada yote anaitika. Mimi mtu wa Busia nimefurahi tu kupata mahali Kampala naweza kueleza shida yangu kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, manake mambo ya fomu yanataka lugha ambayo haikukwamishi.

Nilimpeleka mdogo wangu anayeomba uuguzi, ngazi ya cheti. Fomu ni ya karatasi, shule yao bado inauza za karatasi, unalipa benki unapewa, na juu kabisa imeandikwa ijazwe kwa taipu au kwa mkono kwa herufi kubwa, wino mweusi. Sasa hapo ndo kila mtu anauliza, taipu au mkono, ipi inapendeza zaidi kwa wakubwa. Nilimuuliza Hajji swali hilo hilo. Hakunijibu, alivuta kiti akaanza kuisoma fomu. Yote. Kurasa zote mpaka yale maandishi madogo ya mwisho ambayo hakuna anayeyasomaga, alafu akamrudishia mdogo wangu akamwambia, binti, na wewe soma, ukikuta neno hulielewi niulize hapa hapa. Hakuna aliyegusa kalamu mpaka fomu imesomwa na watu wawili. Nyota ya kwanza nimewapa hapo, kwasababu maduka mengine niliyoyaona wanaanza kuandika jina huku ukurasa wa pili hawajaufungua, kumbe ukurasa wa nne unasema majina yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha UCE, ule mtihani wa kumaliza sekondari ya chini.

Baada ya kusoma, yule kijana akatoa fotokopi ya fomu tupu. Hiyo ya fotokopi ndo wanayoijaza kwanza, kwa penseli, na fomu yenyewe inawekwa ndani ya folda ya plastiki pembeni mbali na chai. Kwenye rasimu wanaweka kila kitu, wanaona wapi nafasi haitoshi, wapi kuna swali linataka karatasi ya ziada, wapi kuna sehemu ya ofisi ambayo mwombaji haruhusiwi kuandika. Mia moja ya fotokopi kila ukurasa, basi. Wino mweupe wa kufutia pale hamna kabisa, Hajji anasema fomu iliyopakwapakwa inamfanya anayeisoma ajiulize ulikuwa unaficha nini, na mimi nakubaliana nae.

Sasa majina. Hapa ndo nataka wazazi wanisikilize vizuri. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIRA, kinatenganisha jina la ukoo na jina ulilopewa, slipu ya UNEB inayaweka yote kwenye mstari mmoja kwa mpangilio ule ambao shule ilimsajili mtoto, na cheti cha kuzaliwa kinaweza kuwa na mpangilio wake wa tatu. Mtoto mmoja karatasi tatu, na kila karatasi inamwita kivyake. Mdogo wangu kwenye slipu jina la ukoo limetangulia, kwenye kitambulisho lina kisanduku chake, alafu ana jina la dini ambalo slipu imeliweka kwa kifupi. Binti wa Hajji aliziweka zote mezani zikapangwa mstari mmoja, akamwambia mdogo wangu ataje jina lake herufi moja moja akiangalia slipu na sio kwa kichwa. Alafu akauliza fomu inafuata karatasi gani. Fomu ilisema cheti cha mtihani, kwaivo ikafuata hiyo, hata kama nyumbani tunamwita vingine. Kama tofauti ni kubwa, mfano jina moja halipo kabisa kwenye karatasi nyingine, wanakwambia ukweli kwamba hilo sio la kutatuliwa na mashine ya taipu, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo ukaape tamko la kisheria kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, ndo urudi. Wangeweza kuchukua hela wakajaza tu. Hawakufanya hivo kwa mama mmoja tuliyemkuta pale, walimrudisha bila kumtoza kitu.

Na ile NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu na herufi 14 zimechanganyika, inaanza na CM kwa mwanaume na CF kwa mwanamke alafu tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa, huko mbele kuna herufi na namba zinafuatana, hapo sifuri na O zinagombana, 1 na I, 5 na S. Kwa mkono ndo mbaya zaidi. Pale wanaisoma kwa sauti, mmoja anasoma kutoka kwenye kitambulisho mwingine anafuata kwenye rasimu kwa kidole, ukimaliza mnabadilishana. Namba ya UNEB vilevile, ile U na namba ya kituo, mkwaju, namba ya mtahiniwa. Ni kazi ya dakika chache tu na sijaona duka lingine wakiifanya.

Haya, taipu au mkono. Walivyonielewesha, na nimeona kwa macho yangu, fomu yenyewe ndo inaamua. Kama ni visanduku vidogo, herufi moja kisanduku kimoja, andika kwa mkono, herufi kubwa zilizosimama, acha kisanduku kimoja wazi kati ya jina na jina, kwasababu mashine ya taipu ina hatua yake na visanduku vina upana wao, herufi ya tano tu ishapanda kwenye ukuta wa kisanduku. Kama ni mistari mirefu, anwani, shule ulizosoma, kazi ya mzazi, hapo taipu inapendeza na inasomeka, na Hajji anaifanya kwenye mashine yake ile nzito ya chuma, anaipandisha karatasi, anaangalia mstari, anashusha nusu hatua, anapiga. Herufi zinakaa juu ya mstari sawasawa, hazielei hazizami. Na umeme ukikatika yeye anaendelea kupiga wakati duka zima la jirani wamekaa wanaangaliana.

Kuna njia ya tatu ambayo binti yake anaifanya, anaiskani fomu, anaweka maandishi juu yake kwenye kompyuta kila moja mahali pake, anaiondoa picha ya fomu anabaki na maandishi peke yake, alafu anaprinti hayo maandishi juu ya fomu ya asili. Inatoka safi sana. Lakini ikihama kidogo tu fomu imeharibika na fomu umeilipia benki. Kwaivo anaprinti kwanza kwenye karatasi nyeupe, anaiweka juu ya fomu, anaipeleka kwenye mwanga wa mlango aone kama mistari imekutana, anarekebisha, anajaribu tena kwenye fotokopi, ndo anaweka ya kweli. Nilisimama pale nikamwangalia mwanzo mwisho nikajisemea huyu dada anaiheshimu karatasi ya mtu.

Sisi tulichanganya. Ukurasa wa kwanza wa visanduku mdogo wangu alijaza mwenyewe kwa mkono, kalamu nyeusi ya kawaida maana zile za jeli zinachafuka mkono ukiwa na jasho, kurasa za katikati Hajji akapiga taipu. Nikauliza kama kuchanganya inaruhusiwa, akanionesha kwenye maelekezo, fomu ilisema taipu au herufi kubwa, haikusema moja tu. Ingesema moja tungefuata moja.

Ukurasa wa mwisho ulitaka maelezo kwanini unataka kuwa nesi, kwa mwandiko wako mwenyewe. Hapa nilipenda zaidi kuliko kote. Mdogo wangu alimwomba Hajji ampangie maneno, amsaidie kidogo tu. Mzee akamwambia, mwanangu, haya ya hapa ni yako, watakuja kukuita kwenye usaili wakuulize haya haya uliyoyaandika, mimi sitakuwepo. Akampa karatasi tupu na kiti cha pembeni. Msichana akakaa akaandika kuhusu bibi yetu na kidonda cha kisukari, vile alivyokuwa anamsafisha kila jioni akirudi shule, kitu ambacho mimi dada yake sikujua kama kilimwingia hivo. Dada wa kompyuta akamsomea akamwekea alama za nukta tu na kumwonesha neno moja la Kiingereza alilokosea herufi. Hakubadilisha sentensi. Kuna maduka mjini wanayo maelezo yameshaandikwa tayari kwenye kompyuta, wanabadilisha jina tu, na wale wanaosoma maombi wanakutana na maneno yale yale kutoka kwa watoto ambao hawajawahi kuonana. Ni kumdhulumu mtoto na kumlipisha mzazi kwa hiyo dhuluma.

Kwa walimu na wazazi wenye watoto wa mtaala mpya, hili ni la muhimu. Waliofanya UCE mwaka 2024 ndo wa kwanza kwa mtaala mpya wa sekondari ya chini, matokeo yao ni A mpaka E, lakini fomu nyingi za karatasi zilizochapwa zamani bado zina safu za D1 mpaka F9 na kisanduku cha jumla ya alama. Mtoto anakaa anaangalia kisanduku hajui aweke nini. Duka moja la mjini, silitaji, kwa jirani yangu walijigeuzia wenyewe, A wakaandika D1, B wakaandika D2, wakajumlisha na jumla wakaiweka. Kwenye fomu inayosainiwa kwamba yote ni kweli! Jirani aligundua akiwa ameshafika nyumbani, ikabidi anunue fomu nyingine. Pale kwa Hajji walituambia andika herufi kama ilivyo kwenye slipu, jumla acha wazi, na kabla ya hapo wakatuambia tupige simu shule tuulize, tukapiga tukiwa tumesimama pale pale, yule mama wa ofisi ya usajili akasema ndio, andikeni kama ilivyo muambatanishe slipu. Simu moja tu.

Upande wa maombi ya mtandaoni, wale wa vyuo vikuu vya serikali kama Makerere na Kyambogo mnajua siku hizi ni ndani ya mfumo tu hakuna karatasi, unafungua akaunti, unajaza, unapata namba ya kulipia, unalipa kwa benki au kwa simu. Kijana mmoja alikuwa anajaza ya udaktari wakati sisi tupo, nikasikiliza. Kitu cha kwanza dada alimuuliza una imeili. Akasema hana. Maduka mengi hapo wanamwambia usijali wanaweka imeili ya duka na namba ya simu ya duka, mtoto analipa anaondoka na risiti, alafu miezi inapita barua ya kukubaliwa imeingia kwenye imeili ya mtu ambaye ameshahama duka. Au anataka kubadilisha chaguo hawezi kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Huyu dada alimgeuzia kioo na kibodi, akamwambia kaka fungua imeili yako hapa, paswadi andika mwenyewe mimi naangalia ukutani, namba ya simu weka yako iliyosajiliwa kwa jina lako, na paswadi iandike kwenye daftari lako sio langu. Ilichukua muda, foleni ikanung'unika, hakujali. Kabla ya kubonyeza kutuma akamprintia ukurasa wa mwisho aende nje asome taratibu na mama yake, kwasababu ukishatuma mambo mengine hayarekebishiki.

Na zile fomu za PDF zinazojazika, wengi mnajaza kwa simu mkifika kuprinti zinatoka tupu. Sio mashine ya duka. Simu inaweka maandishi yako juu juu kwenye programu yake, ukifungua kwenye kompyuta nyingine hayaonekani. Alichofundisha dada, ukimaliza kujaza usitume faili lile, chagua kuprinti alafu uchague kuhifadhi kama PDF, maandishi na fomu vinakuwa kitu kimoja. Na ufungue faili jipya uliangalie kabla hujatuma. Hakunitoza kwa hilo somo.

Vitu vidogo wanavyokumbuka wao wenyewe: ile risiti ya benki ya karatasi laini inafifia kwa jua, wanaitoa fotokopi siku hiyo hiyo. Barua ya LC1, yaani ya mwenyekiti wa mtaa, wanaangalia kama ina tarehe na mhuri unasomeka. Bahasha ya mdhamini wanakukumbusha asaini yeye juu ya mkunjo akishaifunga, usiifungue. Sehemu ya sahihi hawaigusi, hata mdogo wangu alipochoka akasema Hajji weka tu, akakataa. Picha hawapigi, ila wanakwambia uandike jina nyuma kwa kalamu laini usikandamize, lisije likatokeza mbele usoni.

Sasa ile nyota iliyopotea. Kwanza hakuna pa kukaa, viti ni viwili na watu ni wengi, wiki ya mwisho kabla ya tarehe ya kufunga unasimama mpaka kwenye ngazi, na mama mjamzito tulimkuta amesimama vilevile, hilo waliangalie kweli. Pili yule kijana wa fotokopi ana haraka, anavaa visikilizio masikioni unamwita hasikii, na alitoa nakala ya slipu yetu imekatika pembeni namba ya mwisho haionekani, nikamrudishia akatoa nyingine bila ubishi lakini usipoangalia unaondoka nayo. Kagua kila nakala kabla hujapanda ngazi. Tatu, bei hazijabandikwa ukutani. Ni bei za haki na sijaona wakimdanganya mtu, ila mgeni anaingia na wasiwasi hajui ataambiwa ngapi, karatasi moja tu ukutani ingemaliza hilo.

Sisi tulilipa hivi, kwa shilingi za Uganda: fotokopi 100 ukurasa, kuprinti 300, kupiga taipu kwenye fomu 2,000 kwa ukurasa, ile ya kuskani na kuprinti juu ya fomu 5,000 kwa sababu ya majaribio yake, maombi ya mtandaoni 10,000 mpaka unatuma. Kukaa ukajijazia mwenyewe kwa mkono huku wanakuelekeza ni 1,000 fomu nzima, na kwangu hiyo ndo hela bora kuliko zote niliyotumia siku ile. Simu inakubali, MTN na Airtel zote.

Wanafungua saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni. Ijumaa wanafunga mchana kwa ajili ya swala ya Ijumaa wanarudi kama saa nane hivi. Asubuhi mapema ndo Hajji ana nafasi ya kukaa na wewe, jioni wanafunzi wa Kikoni wanajaa na kazi zao za kuprinti. Nenda na mwombaji mwenyewe, usiende kumjazia, na mbebe slipu, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na barua ya LC1 vyote vya asili, fotokopi watatoa wao.